Msiihukumu kontroboksi kabla ya kuipima

Ndugu zangu mafundi, leo nataka tuongelee kontroboksi tu, yaani kompyuta ya injini. Inaniuma nikimwona mteja ameuza mbuzi anunue kompyuta ya gari ambayo haikuwa na kosa.

Niliwahi kuletewa gari likivutwa kwa kamba. Stata inazunguka vizuri, injini haiwaki. Mwenye gari alikuwa ameshafungiwa kontroboksi mbili za mtumba. Hizo hata zingekuwa nzima zisingewasha, maana gari lile lina kinga ya wizi: kompyuta inaitambua chipu ya ufunguo wa gari ilikotoka, ufunguo wako haiujui.

Nikafungua swichi. Taa ya injini kwenye dashibodi, kimya. Nikachomeka mashine ya kusomea hitilafu kwenye soketi yake ya gari, ikawaka lakini haikuongea na kompyuta. Hapo wengi ndipo wanapotoa hukumu, “kontroboksi imekufa”. Jamani, mashine inachukua umeme wake kwenye pini namba 16 na athi (upande wa hasi) kwenye pini namba 4 ya soketi ileile. Kuwaka kwake hakukuambii lolote kuhusu kompyuta.

Nikashika mita. Fyuzi nzima, rilei nzima, volti za betri zinafika kwenye kontroboksi. Athi nikaipima stata ikizunguka, waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye pini ya athi ya kompyuta: chini ya volti 0.1, safi. Kupima athi gari likiwa limelala hakusaidii, maana waya uliobakiza nyuzi mbili utakuonyesha uko mzima mpaka mzigo uje.

Ikabaki zile volti 5 ambazo kompyuta inazigawia sensa. Kwenye Toyota laini hiyo inaitwa VC. Nikapima, 0.4. Umeme huohuo ndio unaoendesha ubongo wa kompyuta, kwa hiyo sensa moja ikipiga shoti, kompyuta nzima inazimia. Nikaanza kuchomoa soketi za sensa moja moja, macho kwenye mita. Pedali ya mafuta, bado. Throto, mlango wa hewa ya injini, bado. Nilipochomoa sensa ya presha ya hewa kwenye manifoldi, mita ikaruka hadi 5 na taa ya injini ikawaka palepale. Ndani ya ile sensa pini zilikuwa kijani tupu, zimeliwa na maji ya kuoshea injini. Tukarudisha kontroboksi yake ya kwanza, tukafunga sensa nyingine, gari likaondoka.

Na kodi za hitilafu ambazo mashine inawaonyesha nazo zisomeni vizuri. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi na mafuta machache, basi. Haijasema badilisha sensa ya oksijeni. Kagua kwanza mipira ya hewa kama ina ufa.

Sisemi kontroboksi haifi. Zile za miaka ya 1990 hasa, kapasita zake zinavuja na kula njia za bodi. Ukiifungua unakutana na harufu kama ya samaki. Lakini uwe umeshapima umeme, athi na zile volti 5 kabla ya kugusa skrubu zake.

Gari lile la buluu pale nimeliharibu asubuhi kwa makusudi, na mashine haiongei nalo. Zima swichi, pima omu kati ya pini 6 na 14 za soketi ya mashine. Zikiwa kama 60, nyaya kuu za mawasiliano hazijakatika wala kugusana zenyewe kwa zenyewe. Nani amekuja na mita?