Alizeti, Ubuyu na Zabibu: Namna Antioksidanti Zinavyopokezana Kazi

Mbukwenyi! Wazee shikamooni, vijana habari za mchana.

Nina chupa mbili za mafuta ya alizeti. Hii ilikaa kabatini. Hii nyingine imekaa juani muda mrefu, kama zile zinazopangwa kando ya barabara ya kwenda Singida. Mama hapo mbele, hebu nusa zote mbili. Mmeona alivyokunja uso? Mafuta yamechacha. Na jambo hilohilo linaweza kutokea mwilini, kwa sababu utando unaozunguka kila seli yako umejengwa kwa mafuta.

Mharibifu anaitwa radikali huru: molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Humpora jirani, jirani aliyeporwa naye anageuka mporaji, na uharibifu unasambaa. Vitamini E, ambayo alizeti imejaliwa kwa wingi, huukata mnyororo huo kwa kutoa atomu yake ya haidrojeni. Kinachozuia uporaji namna hii ndicho huitwa antioksidanti. Ila ikishatoa, yenyewe inabaki radikali, ingawa ni tulivu. Na humo kwenye utando vitamini E ni chache mno ukilinganisha na mafuta inayoyalinda. Kama kila moja ingefanya kazi mara moja tu, ingekwisha upesi.

Hapa ndipo vitamini C inapoingia. Yenyewe hukaa kwenye maji, haizami kwenye mafuta, lakini mpakani hukutana na vitamini E na kuirudishia ilichotoa. Mwaka 1979 watafiti Packer, Slater na Willson waliushuhudia mkutano huo moja kwa moja maabara. Vitamini C nayo huhuishwa na glutathioni, antioksidanti ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, na glutathioni huhuishwa kwa nguvu inayotokana na sukari ya chakula chetu. Wako kama vibarua wanaopokezana ndoo za zege hadi ghorofani: mtoe mmoja katikati, zege linalala chini.

Ndiyo maana napata uchungu nikiona mtu anayejinyima chakula ili anunue kopo la vidonge vya antioksidanti moja. Huko Finland walijaribu. Wavutaji sigara 29,133 waligawanywa katika makundi. Baadhi wakapewa kila siku miligramu 20 za beta-karotini, aina ya karotini, ile rangi ya karoti na mboga za majani ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Karotini ileile, ikiwa ndani ya mboga, haijaonyesha madhara hayo.

Mfano mwingine ni tufaha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza mwaka 2000 kwamba gramu 100 za tufaha lenye ganda zina takriban miligramu 5.7 tu za vitamini C, lakini nguvu yake ya kuzuia oksidisho, yaani ule uporaji wa elektroni, ni sawa na miligramu 1,500 za vitamini hiyo. Nguvu hiyo ilipimwa maabara, na mwili una mambo yake. Si kila kinachoonekana kwenye chupa hufika kwenye damu. Hata hivyo inaonyesha kuwa kuna mengi kwenye ganda zaidi ya vitamini.

Kwa hiyo zabibu zetu za Makutupora msizimenye. Rangi ile nyeusi iko kwenye ganda, na mbegu zina tanini zake, vile vitu vyenye ukakasi mdomoni ambavyo navyo ni antioksidanti; zitafuneni. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi, lakini moto huiua, basi utieni kwenye uji wa uwele baada ya kuuepua. Mlenda ukiungwa kwa karanga, mafuta ya karanga husaidia karotini ya majani kufyonzwa, na karanga zenyewe zina vitamini E. Bibi zetu wanaoweka karanga kwenye mboga wanafanya jambo sahihi kabisa. Majani ya kunde yakaushieni kivulini, maana jua kali hula karotini na vitamini C. Na mafuta ya alizeti, jamani, nunueni yaliyowekwa kivulini.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asianze vidonge vya vitamini E kabla ya kumwona daktari, kwa kuwa dozi kubwa huweza kuongeza kutokwa damu.

Sasa maswali. Mzee pale nyuma, karibu.