Anzia ukumbini: kuchagua na kutunza kamera na lenzi za harusi

Shikamooni wakubwa zangu, na ninyi wadogo zangu hamjambo. Nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie vifaa, na najua wengi mmekuja na swali moja tu: ninunue kamera gani? Nitalijibu, ila naomba tuanzie ukumbini.

Chukueni harusi ya kawaida ya Jumamosi hapa Dar es Salaam. Asubuhi upo saluni, bibi harusi anapambwa. Mchana upo kanisani, au kama ni nikah, msikitini kisha nyumbani kwa kina bibi harusi. Alasiri mnakwenda ufukweni kwa picha za maharusi, na jua letu likishaanza kuzama halikusubiri. Halafu saa mbili, saa tatu usiku, maharusi wanaingia ukumbini wakicheza. Taa kubwa zimezimwa, zilizobaki ni za mapambo, zambarau na bluu. MC anapaza sauti, mashangazi wamejaa njiani na vigelegele vyao, simu zimenyanyuliwa juu. Wanaingia mara moja tu. Hakuna atakayewarudisha mlangoni waingie upya kwa sababu picha zako zimetoka na giza.

Dakika zile za mlangoni ndizo zikuchagulie vifaa. Kinachoumudu mlango ule kitaimudu saluni, kanisa na ufukwe. Cha kumudu ufukwe peke yake, hata simu inatosha.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye lenzi. Ile ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa Canon na hata Nikon ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa, inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Tafsiri yake kazini ni hii: pale ambapo ile ya kwanza inakulazimisha upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 12,800, hii inakuacha kwenye 1,250 hivi, kwa kasi ileile ya shata, lile pazia linalofunguka na kufunga. Mwenye kamera ya zamani anajua uso wa mtu unavyokuwa kwenye ISO 12,800: chengachenga tupu. Kijana mwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya miaka 10 iliyopita na lenzi hii atamzidi mwenye bodi mpya aliyebaki na 18-55 yake.

Angalizo moja. Kama sensa yako, ile sehemu ya ndani inayopokea picha, ni ndogo, yaani APS-C, hiyo 50 inaona kama 75 au 80. Kwenye saluni finyu utarudi nyuma hadi ukutane na ukuta na bado bibi harusi hajaenea. Hapo nunua 35 kwanza.

Mwenye sensa kubwa, 24-70 ya f/2.8 itamfanyia sehemu kubwa ya siku. Kwa kanisani, ambako padri au mchungaji hakuruhusu kusogea madhabahuni, 70-200 ya f/2.8 haina mbadala wa kweli, ingawa zile za DSLR, kamera za kioo ndani, zinakaribia kilo moja na nusu na bega litaitambua jioni. Asiyeiweza bei yake aanze na 85 ya f/1.8. Mimi binafsi usiku napenda bodi mbili, moja ina 35, nyingine 85, bila kubadilisha lenzi katikati ya vumbi la watu wanaocheza. Ila picha ya ukoo mzima, safu tatu za wajomba na wajukuu, msiipige kwa f/1.8. Fungeni tundu hadi f/5.6 au f/8, la sivyo safu ya mbele itaonekana na ya nyuma itafifia, na waliosimama nyuma ndio warefu wa heshima.

Sasa ngozi zetu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo picha nyingi za harusi zinapoharibika, na watu wanasingizia kamera.

Kipima mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe cha wastani. Kikiona shela jeupe limejaa kwenye fremu, kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza. Shela linakuwa la kijivu, na uso wa bibi harusi, aliyelipia saa nzima ya mapambo, unazama. Geukia suti nyeusi ya bwana harusi, kinafanya kinyume chake. Pimeni uso, si nguo. Shela likitawala fremu, pandisheni mwanga kwa hatua moja hivi, kisha tazameni histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, kama jeupe halijaungua.

Taa ya bluu ni tatizo jingine kabisa. LED ya bluu ikipiga ngozi nyeusi, sensa inapata rangi ya bluu tele, nyekundu na kijani karibu hakuna. Kupiga RAW, yaani faili ghafi, ni lazima, lakini hata RAW haiwezi kurudisha rangi ambayo haikuingia. Dawa ni flashi. Wengi tunaielekeza darini ili mwanga urudi laini, sawa, ila mmewaona wapambaji wetu? Dari limefunikwa vitambaa. Kikiwa cha waridi, maharusi wote wanatoka waridi. Kwenye hema refu au dari jeusi, mwanga haurudi kabisa. Ndiyo maana nawasihi mfike ukumbini kabla ya wageni, mtazame juu, mtafute ukuta mweupe wa kurudishia mwanga. Mwone na mtu wa taa. Umwombe kwa adabu awashe taa nyeupe kwa dakika zile za kuingia na za kukata keki. Mara nyingi anakubali. Hajawahi kuombwa tu.

Kuna dada ameinua mkono. Anauliza kwa nini picha zake za kanisani zina michirizi ya giza. Dada, nadhani umetumia shata ya kielektroniki ili kamera isilie wakati wa ibada. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Sensa inasoma picha mstari kwa mstari, na mistari mingine inakuta taa imefifia. Rudi kwenye shata ya kawaida na ujaribu kasi ya 1/100 au 1/50 ya sekunde. Kwa skrini za LED za ukumbini sheria hiyo inaweza isitoshe, kwa sababu nyingine zina mapigo yake zenyewe, kwa hiyo piga picha za majaribio mapema.

Bodi sasa, na sitachukua muda. Kwa harusi mimi nadai nafasi mbili za memori kadi, ili kadi moja ikifa picha zibaki kwenye nyingine. Mwaka 2018 Nikon Z6 na Canon EOS R zilitoka na nafasi moja, wapiga picha wa harusi wakalalamika. Sony A7 III ya mwaka huohuo ilikuwa na mbili. Nikon Z6 II na Canon R6 za 2020 zikaja na mbili. Canon 5D Mark III ya 2012 nayo inazo mbili, na ukiipata mtumba iliyotunzwa ni kamera ya kazi hadi leo, ila nafasi yake moja, ya kadi ya SD, ni ya polepole. Kabla ya kulipia mtumba, uliza shata imeshapiga mara ngapi. Hiyo 5D ilitengenezwa kwa makadirio ya mara 150,000. Bodi ya pili ni lazima, hata ya kuazima.

Memori kadi bandia zipo mtaani, zimeandikwa GB 128 na ndani hazifiki. Jaribu kila kadi mpya kwa programu ya kompyuta ya H2testw, inayopima ukubwa wake halisi, kabla haijaona harusi. Linganisheni saa za kamera zote, ya kwako na ya msaidizi, ili siku ya kuchagua picha keki isikatwe kabla ya maharusi kuingia.

Na sisi wa pwani, unyevu. Ukungu unaota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye begi kabatini. Weka lenzi kwenye kontena la plastiki linalobana, pamoja na pakiti za silika jeli, na uzibadilishe zikishiba. Ukitoka hoteli yenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi itatoa jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa karibu nusu saa kwanza.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, nakili picha kwenye diski mbili, na moja ilale nyumba nyingine. Zile kadi zenyewe usizifute hadi picha zimefika kwa maharusi na wamekuambia wamezifungua.