Ile 1,500 ya kwenye LUKU ni ya nani?

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Ahsante mwenyekiti wa mtaa, ahsanteni wajumbe mliopita nyumba kwa nyumba kuwaita watu Jumapili, tena siku yenye mpira. Nitajitahidi tumalize mapema.

Kabla sijaanza, kila mwenye simu afungue meseji zake. Tafuteni ile ya mwisho ya kununua umeme wa LUKU, huu wa kulipia kabla ya kutumia. Mmeiona? Chini ya zile tarakimu za kuingiza kwenye mita kuna gharama ya umeme, kuna VAT na tozo za EWURA na REA, halafu kuna mstari wa deni, na humo ndimo inamokatwa kodi ya majengo. Nani mstari wake una namba isiyo sifuri? Nyoosheni mikono. Sawa. Sasa katika nyinyi mlionyoosha, wenye nyumba wabaki na mikono juu, wapangaji washushe.

Mwenyekiti, umeona mikono ilivyoshuka? Zaidi ya nusu. Kodi inaitwa ya majengo, mwenye jengo yuko nyumbani kapumzika, anayekatwa ni kijana wa chumba cha uani aliyenunua umeme ili apige pasi shati la Jumatatu. Nitalirudia hilo. Kwanza tujue kinachokatwa ni kitu gani.

Nimefanya kazi ya uthamini wa majengo kwenye halmashauri kwa miaka mingi kabla sijastaafu, na tatizo la kwanza nililokuwa nakutana nalo halikuwa pesa. Lilikuwa neno. Mtu anakuja na risiti, amefura: "Nimeshalipa kodi ya pango, mnanidai nini tena?" Ukiisoma risiti, unakuta ni kodi ya pango la ardhi. Hiyo inalipwa Wizara ya Ardhi, inaanza kudaiwa kila Julai mosi, na inamhusu mwenye hati au leseni ya makazi. Kwa nini inaitwa pango? Kwa sababu ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ameishika kwa niaba yetu sote, na wewe mwenye kiwanja kwa maana hiyo umepanga. Mwenye nyumba naye ni mpangaji! Mkitoka hapa muwaambie wapangaji wenu, watafurahi.

Kuna pango la pili, lile unalopokea wewe kwa wapangaji wako. Hilo nalo lina kodi, ile ya zuio, asilimia 10. Hiyo ni kodi ya mapato, na leo siigusi, maana naona baadhi yenu mmeanza kuangalia mlango.

Ya leo ni kodi ya majengo. Inalitazama jengo, yaani kuta na paa. Kwa vile ardhi si yako kwa maana ile niliyoeleza, sheria yetu ya mwaka 1983 ya kodi za majengo mijini ililenga kilichojengwa juu ya ardhi. Wenzetu wa Nairobi wanafanya kinyume: wao wanatoza thamani ya kiwanja, hata ukijenga kasri au ukiacha majani yaote. Nao wana vituko vyao, maana daftari lao la thamani lilikuwa la mwaka 1982, na walilitumia karibu miaka 40.

Kwa kuwa kinachotazamwa ni jengo, usije ukafikiri kwamba kukosa hati kunakuepusha. Huku kwetu Mbagala viwanja vingi vilinunuliwa kwa karatasi ya mauziano, mashahidi wawili na muhuri wa mtaa. Pango la ardhi huenda hujawahi kudaiwa. Kodi ya majengo utadaiwa, maana jengo lipo na linaonekana. Na upande wa pili, hili nalisema polepole: kulipa kodi ya majengo hakukupi umiliki. Nimekaa kwenye vikao vya usuluhishi, ndugu wawili wanagombea nyumba ya marehemu baba yao, mmoja ameleta mfuko wa rambo umejaa risiti za kodi. Miaka kumi amelipa kwa uaminifu. Risiti zile zilionyesha kwamba nyumba imelipiwa, basi. Ya nani, zilikuwa kimya. Watu wa mirathi fungueni mirathi.

Sasa mbona kodi hii inatutia wasiwasi hivi? Ina historia mbaya. Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia tatu kwa kibanda. Lengo halikuwa rupia peke yake. Walitaka mtu aondoke shambani kwake akatafute kibarua kwenye mashamba ya wazungu, kwa kuwa rupia hailimwi. Kodi ile ni moja ya mambo yaliyowachosha watu mpaka Maji Maji ya 1905. Waingereza nao wakaendelea na ya nyumba na ya kichwa. Wazee mliopo hapa mnakumbuka watu wakilala porini mgambo wakipita. Mwalimu aliifuta ya kichwa mwaka 1969, ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo miaka ya themanini, ikafutwa tena 2003. Mtu aliyekulia katika hayo ukimwambia "kodi ya nyumba", anasikia hodi ya mgambo.

Mimi mwenyewe niliibisha hodi hiyo, ingawa sikuwa na rungu, nilikuwa na futi kamba. Zamani nyumba ilithaminiwa moja moja. Unapima urefu na upana, unaangalia bati au vigae, dari, sakafu, umri wa jengo, unakadiria kuijenga upya ni kiasi gani, unapunguza uchakavu. Kodi inakuwa sehemu ndogo ya thamani ile. Kazi ya haki, lakini taabu tupu. Ukibisha hodi, mtoto anatoka: "Baba kasema hayupo." Mbwa wanafunguliwa. Kuna nyumba nilipima nje tu, ndani nikakisia kwa kuchungulia dirishani, Mungu anisamehe. Na kila mwaka mji unakimbia mbele, sisi tuko nyuma na futi kamba. Nyumba zilizokuwa kwenye daftari zilikuwa chache kuliko zilizokuwa barabarani.

Mwaka 2016 kazi ya kukusanya ikatoka halmashauri ikaenda TRA, mamlaka ya mapato. Mnazikumbuka foleni za 2017, watu wanadamka alfajiri kwenda kulipa. Halafu 2018 serikali ikasema uthamini wa nini, tuweke kiwango kimoja: nyumba ya kawaida shilingi 10,000 kwa mwaka, ghorofa mijini 50,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2021 viwango vikawa 12,000 na 60,000, na kuanzia Agosti mwaka huo vikaingizwa kwenye LUKU, elfu moja kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, elfu tano kwa sakafu. Julai 2023 vikapanda kuwa 18,000 na 90,000. Ndiyo hiyo 1,500 mnayoiona.

Kwa upande wa kukusanya, sina ubishi. Ni akili kubwa. Hakuna futi kamba, hakuna mbwa, hakuna foleni. Ninachosema ni kwamba imekuwa rahisi kiasi kwamba tumeacha kuijua. Zamani ulikuwa unakuja ofisini kunigombeza, na katika kunigombeza unauliza: mmepimaje, pesa inakwenda wapi, mbona barabara yetu ina mashimo? Leo mtu anagombana na kijana wa duka anayemuuzia umeme: "Umenipunja uniti!" Kijana wa watu hana kosa. Ukinunua umeme wa 10,000 kwa bei ya kawaida ya majumbani unapata kama uniti 28. Ikikatwa 1,500, umebaki na 8,500, unapata 23 na ushee. Na kama hukununua umeme kwa miezi miwili mitatu, labda ulisafiri kijijini, deni halisafiri nawe. Linakungoja mlangoni. Ukirudi na 10,000 yako linakatwa lote kwa mpigo, 4,500, na uniti zinashuka hadi 15. Hakuna aliyekuibia. Ni ya miezi mitatu.

Narudi kwenye ile mikono iliyoshuka. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. LUKU ni njia tu ya kuipitisha, na njia hiyo imepita mfukoni mwa mpangaji kwa sababu yeye ndiye anayenunua umeme. Baba wenye nyumba, mama wenye nyumba, nawaomba tusione aibu. Ni 18,000 kwa mwaka. Mpangaji wako anayelipa miezi sita, mpunguzie 9,000 kwenye pango lake, liandikwe kwenye mkataba, mambo yaishe. Na wewe mpangaji, meseji za LUKU usizifute. Ukidai kwa mdomo utaambiwa unaleta fujo. Ukifungua simu ukaonyesha makato sita, mazungumzo yanakuwa mafupi. Na kabla hujahamia nyumba mpya, nunua umeme wa elfu mbili tatu mbele ya mwenye nyumba. Kama kuna deni la mpangaji aliyeondoka, utaliona palepale, kabla hujashusha godoro.

Kuna nyumba hapa zina mita mbili, tatu. Mbele fremu ya duka ina mita yake, uani wana yao. Nyumba ya kawaida ni jengo moja, inatakiwa ikatwe kwenye mita moja. Kama mita zote tatu zinakatwa, unalipa 54,000 badala ya 18,000, na hakuna atakayekuja kukuambia. Andika namba za mita zote, nenda TRA au TANESCO, useme hizi zote ni za jengo moja, kodi ibaki kwenye hii. Ukiondoka kaunta, hakikisha umeelezwa ni mita ipi imebaki. Kisha mwezi unaofuata angalia ule mstari. Kama bado unakatwa, rudi.

Wazee. Mko wangapi hapa mliofikisha miaka 60? Sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 au zaidi, na mtu mwenye ulemavu, asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. LUKU haijui umri wako. Mita haikuoni umeshika mkongojo. Inakata tu, mpaka wewe uende ukaombe. Nilimkuta bibi mmoja, mjane, anauguza goti, nyumba ya vyumba viwili, anakatwa tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hujaomba? Akanijibu, "Mwanangu, mimi nilidhani umeme umepanda." Vijana, huyo ni bibi yenu. Mchukulieni kitambulisho, barua ya mtaa, karatasi za nyumba na namba ya mita, mumpeleke. Ila mzee mwenye wapangaji wanne uani asijidanganye, hicho ni kipato.

Na nyumba za tope na makuti nazo hazimo. Huku mjini zimebaki chache, lakini wenye nyumba za wazazi vijijini mlijue hilo.

Sasa la mwisho, na hapa nasema kama raia, tena raia aliyewahi kula mshahara wa halmashauri, kwa hiyo mnipunguzie. Kiwango kimoja kwa wote ni rahisi, lakini kina kasoro mnayoiona bila kuhesabu. Jumba la chini la Masaki, vyumba saba, bwawa la kuogelea, halina ghorofa: 18,000. Vyumba vitatu vya bati hapa Mbagala: 18,000. Kwa futi kamba yangu wale wawili wasingelingana hata kwa bahati mbaya. Najua futi kamba haiwezi mji wa leo. Lakini siku hizi kuna picha za anga, kuna ramani za kompyuta, ukubwa wa paa unaonekana bila kufungua geti. Kugawa hata kwa madaraja manne ya ukubwa kusingetushinda.

Na pesa yenyewe ilipokuwa ya halmashauri, ulijua mlango wa kugonga. Diwani alikuwa anaogopa. Leo inaanzia kwenye mita yako, inapanda juu, sehemu yake inashushwa tena. Kwenye mkutano wa mtaa, baada ya kusomewa mapato na matumizi, ulizeni: iliyoshuka ya majengo ni shilingi ngapi, na imefanya nini? Mwenyekiti ananiangalia vibaya. Mwenyekiti, wakikuuliza wewe, wewe mwulize mtendaji, naye aulize juu, na hivyo hivyo.

Nimeambiwa mpira unaanza saa kumi. Maswali tutajibizana hapo nje chini ya mwembe. Wenye mita zaidi ya moja wakae upande huu na meseji zao zikiwa wazi, wazee wa miaka 60 na kuendelea wakae kwenye viti vya mbele, na nyie vijana wawili mnaoandika vizuri njooni hapa mezani, tuanze kuorodhesha namba za mita.