Jicho la Pusi Lisilokauka

Hamjambo nyote. Walio viti vya nyuma, sauti ikipotea inueni mkono. Leo tunawaacha ng'ombe na kuku wapumzike, tumzungumzie mtoto wa paka ambaye jicho lake linatiririka wiki ya tatu sasa. Umempaka dawa, likakauka siku mbili, likaanza tena. Hilo "likaanza tena" ndilo lililotuleta hapa. Jicho linalotoa machozi tangu asubuhi hadi jioni kisha likanyamaza halihitaji mhadhara. Mara nyingi ni vumbi, na wengi wenu mmesikia kwamba hata jina la Nakuru linatokana na neno la Kimaasai la vumbi. Upepo wa Januari hauhitaji maelezo kwa mkazi wa hapa.

Jicho zima la paka hutengeneza machozi mchana kutwa na usiku kucha. Hayamwagiki kwa sababu yana mlango. Pembeni mwa jicho, upande wa pua, kila kope lina kitundu kidogo kama ncha ya sindano. Vitundu hivyo viwili huungana na kuwa mfereji mmoja unaopenya mfupa na kutokea ndani ya pua. Kwa hiyo jicho likitiririka, ama kuna kitu kinaliudhi likatengeneza machozi kupita kiasi, ama machozi ni ya kawaida lakini mfereji umeziba. Dawa ya la kwanza haisaidii la pili hata kidogo, na tyubu nyingi zinazonunuliwa bila faida zinaishia hapo.

Sasa kumtazama. Mtazame kabla ya kumfuta. Watu humsafisha paka vizuri ndipo wamlete kwa daktari, kumbe wamefuta ushahidi wote. Mpeleke penye mwanga wa dirisha, umweke mapajani akitazama mbele, mgongo wake ukiegemea tumbo lako. Uliza: ni jicho moja au yote mawili? Kinachotoka ni maji meupe, ni ute kama wa yai, au ni usaha wa manjano au kijani? Jicho liko wazi au amelifinya? Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Paka anayetoa machozi jicho likiwa wazi, anacheza na kamba ya kiatu, unaweza kumpa siku moja au mbili za kumwangalia. Anayelifinya jicho ana maumivu, na maumivu mara nyingi ni kidonda kwenye kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele. Huyo haongojei kesho kutwa.

Tongotongo dogo la kahawia asubuhi, kavu, likitoka kwa kidole kimoja, si ugonjwa.

Wahusika wakuu ni wawili, na nitakaa hapa kidogo. Wa kwanza ni virusi vya hepesi vya paka. Huanza na chafya, mafua, macho yote mawili mara nyingi, homa, na mtoto kukataa chakula kwa sababu hanusi kitu. Virusi hivi havitoki mwilini. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na paka akipata msukosuko, kama kuhamishwa nyumba, kuletewa paka mwingine au kuachishwa kunyonya, vinaamka siku chache baadaye. Sasa fikirieni mtoto wa wiki saba. Kinga aliyopewa na maziwa ya mama inapungua wakati uleule mnapomtia kwenye katoni na kumpakia matatu kutoka Molo. Ndiyo maana wengi huanza kulia machozi juma la kwanza kwenye nyumba mpya, na mwenyeji mpya akadhani ameuziwa paka mgonjwa. Mara nyingi mama yake ndiye aliyevibeba, naye anaonekana mzima kabisa.

Wa pili ni kijidudu cha klamidia ya paka. Trakoma inayopofusha watu Baringo na Pokot Magharibi huletwa na jamaa yake wa karibu; ni jamaa tu, si yuleyule, na paka hakuambukizi trakoma. Klamidia ina tabia ya kuanza jicho moja, kisha baada ya siku kadhaa likafuata la pili. Chafya ni kidogo au hakuna. Kinachoonekana ni ile nyama ya waridi ndani ya kope: huvimba, ikajaa maji, ikatokeza kama mdomo mdogo kuzunguka jicho. Ukiiona mara moja huisahau.

Kwa nini hili la pili halikauki? Kwanza, dukani ukisema "jicho jekundu" unapewa matone ya antibiotiki iitwayo gentamaisini, na gentamaisini haiiwezi klamidia. Amoksilini nayo si tegemeo, na kwa maikoplasma, kijidudu kingine kinachopenda macho ya paka, haifanyi kitu kabisa: inashambulia ukuta wa kijidudu, na maikoplasma hana ukuta. Inayofaa ni jamii ya tetrasaiklini. Pili, hata ukipata tyubu sahihi, klamidia haiishi jichoni peke yake. Imo puani, imo tumboni. Ndiyo maana daktari huandika doksisaiklini, ya jamii hiyohiyo, ya kumeza, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa wiki nne kamili, kwa paka wote wa nyumba hiyo pamoja. Jicho huonekana limepona wiki ya kwanza. Mtu anaacha. Wiki ya tatu likarudi, naye akasema dawa za siku hizi ni bandia.

Hesabu moja hapo, kwa wale wanaopenda kugawa dawa za watu. Mtoto wa wiki nane ana uzito wa gramu 800 hivi. Anahitaji miligramu 8. Kapsuli ya mtu mzima ina 100. Hakuna kisu cha jikoni kitakachoigawa mara kumi na mbili kwa usawa. Omba ya maji, aliyopimiwa. Na hata ya maji, baada ya kumpa, mfuatishie mililita chache za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa pembe ya mdomo, au kijiko cha chakula laini. Hasa akipewa kidonge: doksisaiklini ikikwama kooni huchoma umio, njia ya chakula kwenda tumboni, na umio wa paka uliochomeka hupona kwa kusinyaa.

Nimetaja kioo cha jicho. Hepesi hupenda kuchimba vidonda pale, vyembamba kama matawi ya mti mkavu, na huwezi kuviona kwa macho matupu. Daktari hugusisha jichoni karatasi yenye rangi ya floresini, akasuuza, akamulika kwa mwanga wa buluu: penye kidonda hung'aa kijani. Kazi ya dakika tano. Nataka mdai kipimo hicho kabla ya kukubali matone yoyote, na sababu ni hii. Madukani kuna matone mengi ya macho yaliyochanganywa antibiotiki na steroidi. Steroidi hutoa wekundu haraka sana, mwenye paka akafurahi, huku chini kinga ya jicho imelala na kidonda kinachimba. Jicho linaweza kutoboka. Soma kisanduku chenyewe: jina la dawa likiishia kwa "sone" au "lone", kama deksamethasone au prednisolone, lirudishe kwenye rafu mpaka rangi ya floresini iseme hakuna kidonda.

Na wale wanaotoa vidonge vya hepesi vya binadamu: valasiklovia huua paka. Ipo dawa ya virusi inayowafaa, famsiklovia, lakini ni ya daktari kupima na kuandika.

Haya, kuosha. Chemsha maji, yapoe hadi vuguvugu. Kikombe kikubwa cha mililita 300, tia chumvi nusu kijiko cha chai, iliyosawazishwa kwa ubapa wa kisu, isiwe ya mlima. Hiyo inakaribia gramu 9 kwa lita, sawa na chumvi ya machozi yenyewe. Ukiongeza "ili iue vijidudu" unamchoma. Tengeneza upya kila siku. Asiyetaka hesabu anunue chupa ya maji ya dripu ya asilimia 0.9.

Pamba ya kawaida huacha nyuzi jichoni. Tumia shashi ya kufungia vidonda, au kitambaa cha fulana kuukuu kilichochemshwa, ukate vipande vya vidole viwili. Mviringishe pusi kwenye leso kama chapati, kichwa tu nje, miguu ya mbele ikiwa imebanwa ndani. Loweka kipande, kijaribu kwenye kifundo cha mkono wako, kisha kiweke juu ya jicho lililofumba bila kufuta. Hesabu dakika mbili. Hapo ndipo watu hushindwa. Wanang'oa tongotongo kavu na nywele zake, ngozi inachubuka, kesho mtoto akiona kitambaa anakimbilia chini ya kabati. Likilainika linatoka lenyewe kwa kupangusa mara moja, kutoka upande wa pua kwenda nje. Kipande kimoja, jicho moja, pipani. Anza na jicho zima, malizia na bovu.

Kisha tyubu. Tetrasaiklini ya asilimia 1 ni ileile wanayopakwa watoto wachanga wakizaliwa hospitalini, na kila duka la dawa inayo. Kaa nyuma ya paka, usimjie usoni. Kwa kidole gumba vuta kope la chini likafanya kimfuko, weka uzi wa dawa wenye urefu wa punje ya mchele, tyubu isiguse jicho. Mfumbe kope, hesabu mpaka kumi. Mara tatu au nne kwa siku. Mara mbili haitoshi, machozi huisafisha. Kama daktari ametoa matone pia, matone kwanza, mafuta baada ya dakika tano; ukigeuza, matone yanateleza juu ya mafuta. Tyubu iliyofunguliwa mwaka jana kwa jicho la mbwa, tupa.

Akilikwaruza jicho, mkatie kola: kikombe cha mtindi cha plastiki kilichotobolewa chini kwa kipimo cha shingo, ukingo ukazungushiwa plasta ili usimkate.

Chai ya rangi, maziwa ya mama anayenyonyesha, maji ya majani: hapana. Dettol hata matone mawili kwenye beseni: hapana, ini la paka haliwezi kuivunja. Wala msimpe panadol kwa sababu ana homa. Kidonge kimoja kinamuua paka mzima, sembuse mtoto.

Mfereji ulioziba. Hapa jicho ni jeupe, liko wazi, paka ana raha, lakini kuna mchirizi wa unyevu wa kahawia pembeni mwa pua kila siku. Kwa paka wa pua bapa, wa jamii ya Persian, mfereji umejipinda tangu kuzaliwa. Kwa paka wetu wa kawaida sababu kubwa ni hepesi ya utotoni: nyama ya ndani ya kope iliyochubuka ikajishikiza mahali pasipo pake na kufunika vile vitundu. Antibiotiki haifungui kovu. Daktari anaweza kujaribu kuusafisha mfereji kwa maji akiwa amelazwa usingizi, na wakati mwingine hufaulu. Isipofaulu, mfute mara mbili kwa siku na umkaushe, ngozi isichachuke.

Mazingira nitayapita upesi. Jiko la makaa lisiwe karibu na kikapu chake. Koili ya mbu chumbani anakolala, acha. Vumbi la mbao kwenye sanduku lake la choo badilisha, tia mchanga au magazeti yaliyochanwa. Omena ichemshwe bila chumvi, ukishaosha mchanga wake. Mwenye mafua ipashwe moto kidogo apate harufu. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini isimguse. Mji huu umesindika pareto, ua la dawa ya wadudu, miaka mingi, na mtu hudhani zote ni dada. Pamethrini ni ya kiwandani, na kwa paka ni sumu.

Chanjo ya mafua ya paka huanza wiki ya sita hadi ya nane, ikarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Haizuii maambukizi yote. Inazuia yale makali yanayoacha kovu.

Maswali. Ndiyo, mama mwenye kitambaa cha kijani.

Ameuliza kuhusu watoto wa siku tisa ambao macho hayajafunguka, lakini moja limevimba kama harage. Swali zuri, na hilo ni la leo, si la kesho. Macho hufunguka kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Likivimba kabla halijafunguka, usaha umefungiwa ndani na unakula kioo. Weka kitambaa cha vuguvugu dakika tano, kisha kwa vidole viwili vilivyooshwa vuta kope pole pole kuanzia upande wa pua. Likiachia hata kidogo, usaha utatoka. Suuza, paka tetrasaiklini, na wakague ndugu zake wote. Lisipoachia usitumie kucha wala wembe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na mama yake, kwenye katoni moja, awe ananyonya njiani.

Nani mwingine? Kijana, hapo mlangoni.