Kupima nguvu ya nyonga kwa waogeleaji chipukizi

Makocha, wazazi na wenzangu wa fiziotherapia, karibuni. Naanza na mtindo wa chura, kwa sababu huko ndiko nyonga ya mtoto inakofanyishwa kazi nzito kuliko kwenye mitindo mingine. Kanuni za mashindano zinataka nyayo zigeuke nje wakati miguu inasukuma maji. Basi paja huzunguka kwa ndani, muundi hufunguka nje, kisha miguu hufungwa kwa nguvu. Kazi ya kufunga inabebwa na misuli ya ndani ya paja. Mtoto akipewa mita 1,000 za chura kwenye bwawa la mita 25, anavuka mara 40. Kwa mapigo 8 hadi 12 kila mvuko, miguu imefungwa kati ya mara 320 na 480 asubuhi moja. Hapo ndipo maumivu ya kinena yanapoanzia.

Chombo ninachokitaka ni dainamomita ya mkononi: pedi ya kusukumwa na kioo kinachosoma nyutoni, yaani kipimo cha kani. Pima kabla ya mazoezi, saa zilezile kila mara, baada ya dakika tano za kupasha mwili moto. Ukimpima ametoka majini, unapima uchovu. Mzazi au mtu mzima mwingine awepo, na mtoto aelezwe mapema pedi itakaa wapi.

Kwa misuli ya ndani ya paja, mlaze chali, miguu imenyooka, mikono imekunjwa kifuani ili asishike kitanda. Pedi ikae upande wa ndani, sentimita 5 juu ya nundu ya kifundo cha mguu. Ajaribu mara moja kwa nusu ya nguvu zake, kisha mara tatu kwa nguvu zote, na apumzike sekunde 30 katikati. Sauti iwe moja kwa watoto wote: “Sukuma, sukuma, sukuma, pumzika.” Aipandishe nguvu taratibu kwa sekunde mbili, aishikilie tatu. Mpimaji hasukumi, anazuia tu. Hili nalisisitiza sana: kwa mtoto anayekua, misuli ya nyonga hushika kwenye mfupa ambao bado una gegedu ya ukuaji (sehemu laini ambako mfupa hurefukia), na kuuvunja ukinzani wake kwa ghafla kunaweza kunyofoa kipande.

Misuli ya ubavuni mwa nyonga, inayotanua mguu, hupimwa vilevile, pedi ikihamia nje ya mguu. Angalia vidole vya mguu. Vikigeuka nje, misuli ya mbele ya paja imeingia kusaidia, na jaribio hilo halihesabiwi. Fupanyonga likipanda kuelekea mbavu, halihesabiwi pia. Kwa mzunguko wa nyonga, akae ukingoni mwa kitanda, goti nyuzi 90. Huko udanganyifu wa kawaida ni kuinua kalio moja, na watoto wengi hufanya hivyo bila kujijua.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwa mpimaji. Mvulana wa miaka 16 ana mguu wenye nguvu kuliko mkono wako. Mkono ukirudi nyuma, kioo kimesoma nguvu yako wewe. Funga kifaa kwa mkanda usiovutika, upitie kwenye nguzo au mguu wa kitanda kizito.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo karatasi nyingi za vilabu zinapoharibika. Fundi gari akikutana na nati ngumu hutafuta spana ndefu. Mguu mrefu nao hupunguza kani inayosomeka kwenye pedi, hata misuli ikiwa na nguvu ileile. Kwa hiyo pima umbali kutoka mfupa unaojitokeza ubavuni mwa nyonga hadi katikati ya pedi, uzidishe kwa kani, ugawanye kwa kilo za mtoto. Tuseme binti amesoma nyutoni 120, umbali mita 0.70, uzito kilo 48. Momenti, yaani nguvu ya kuzungusha mguu kwenye nyonga, ni nyutoni-mita 84, sawa na 1.75 kwa kila kilo. Baada ya miezi sita kioo kinasema 120 tena. Kocha atasema hajaongezeka. Lakini umbali sasa ni mita 0.73 na uzito kilo 53: momenti imepanda hadi 87.6, na kwa kila kilo imeshuka kidogo hadi 1.65. Misuli imeongezeka nguvu, mwili umekua haraka zaidi. Asiyeandika urefu na uzito hawezi kuyaona hayo mawili.

Mtasikia kwamba nguvu ya ndani ya paja isishuke chini ya asilimia 80 ya ile ya ubavuni. Namba hiyo ilitoka kwa watu wazima wanaocheza hoki ya barafu. Msiwawekee watoto wa chura kama sheria. Mlinganisheni mtoto na vipimo vyake mwenyewe. Mguu mmoja ukipungua kwa asilimia 10, rudia kipimo baada ya siku mbili kabla ya kubadili mazoezi, kwani tofauti ndogo kama hiyo inaweza kuwa ya mkono wa mpimaji.

Klabu isiyo na dainamomita isikate tamaa. Kuna kipimo cha Copenhagen cha sekunde tano, kilichoanzia kwa wachezaji wa soka: mtoto amelala chali, miguu imenyooka, mkono wako kati ya vifundo, anabana kwa nguvu zote kisha anataja maumivu ya kinena kutoka 0 hadi 10. Kuanzia 0 hadi 2 ni kijani, 3 hadi 5 njano, 6 na kuendelea nyekundu. Kifanyeni kila wiki. Akifika njano, punguzeni mita za chura. Akifika nyekundu, aache kupiga chura mpaka achunguzwe.

Na kuna mtoto asiyepaswa kupimwa kabisa: mwenye miaka kati ya 10 na 16, anayechechemea, ambaye nyonga ikikunjwa mguu unageuka nje wenyewe. Huenda kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza kwenye gegedu ya ukuaji. Wengine hulalamikia goti tu, nyonga ikasahaulika. Asikanyage mguu huo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, apigwe picha ya eksirei ya nyonga zote mbili.