Kipimo Kinasema Hapana, Mgonjwa Anasema Ndiyo

KISUMU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi niko Kisumu, mwenzangu yuko Nakuru, na leo tunazungumzia jambo linalojirudia sana katika ujumbe mnaotutumia: mtu anaumwa, anakwenda hospitalini, anaeleza kile anachokisikia mwilini mwake, na anayemsikiliza haamini. Tumeamua kulitazama kupitia ugonjwa mmoja tu, selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi wetu huku ziwani tunauita siko seli, kwa maana tukiyataja magonjwa yote tutaishia kulalamika.

NAKURU: Tena ni ugonjwa ambao nyinyi mnaujua kuliko sisi wa huku juu, na hilo lina historia yake. Niruhusu nianzie Gilgil, dada yangu.

KISUMU: Nilijua tu utatupeleka Gilgil. Haya, anza.

NAKURU: Kulikuwa na mtafiti aitwaye Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia katika shamba la familia yao karibu na Gilgil, hapa Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado kijana anayesomea udaktari, alizunguka nchini akikusanya sampuli za damu, akagundua kwamba miongoni mwa jamii za pwani na za kando ya Ziwa Victoria zaidi ya mtu 1 kati ya 5 walibeba jeni ya selimundu, ilhali katika nyanda za juu zilizo katikati hawakufika hata 1 kati ya 100. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba anayeirithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana imekita mizizi pale ambapo mbu wamekita mizizi. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

KISUMU: Na hiyo ramani ya Allison bado inaamua nani ataaminiwa. Kijana aliyezaliwa Siaya akija kusoma chuo huko kwenu, akazidiwa usiku na kukimbizwa kituo cha afya, anaweza kumkuta mhudumu ambaye hajawahi kumwona mgonjwa wa selimundu akiwa katika dhoruba ya maumivu, yaani yale maumivu makali yanayomvamia ghafla.

NAKURU: Lakini basi nyinyi wa Kisumu mngepaswa kuwa salama, kwa sababu wahudumu wenu wanaujua ugonjwa huu. Mbona barua nyingi zinatoka kwenu?

KISUMU: Kwa sababu huku kwetu kuna malaria, na malaria hulijibu kila swali kabla halijaulizwa. Mama yangu amehifadhi daftari la hospitali la mdogo wangu, lile daftari dogo la mazoezi ambalo unalinunua getini kabla ya kuonwa na daktari. Ukilifungua, kurasa za mwanzo zinafanana kama zimeandikwa siku moja: joto la mwili, uzito, malaria, dawa ya malaria, panadoli. Ukurasa mmoja una sentensi iliyoandikwa kwa haraka pembeni kwamba mama anasema mikono ya mtoto imevimba. Anasema, eti, ilhali mikono ilikuwa pale juu ya meza.

NAKURU: Alikuwa na umri gani?

KISUMU: Hakuwa ametimiza mwaka. Sasa, kuvimba kwa viganja na nyayo kwa mtoto mchanga ni mojawapo ya dalili za kwanza kabisa za selimundu. Huanza kuonekana kuanzia takriban miezi 6, kwa kuwa kabla ya hapo damu ya mtoto bado ina himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, aliyokuwa nayo tumboni, ambayo humkinga. Ikipungua, chembe nyekundu zinaanza kujikunja na kuwa ngumu, zinaziba mishipa midogo ya damu, na mifupa midogo ya vidole ndiyo inayoumia kwanza. Mama yangu aliambiwa kwamba mtoto anaota meno, na mahali pengine akaambiwa kwamba labda alimbeba vibaya mgongoni.

NAKURU: Hilo la kumbeba vibaya linaniudhi, kwa sababu ni njia ya kumgeuza shahidi kuwa mshtakiwa. Hata hivyo, nitawatetea wahudumu kidogo, maana nina ndugu katika kazi hiyo. Mtu ana foleni inayofika nje ya jengo, ana kipimo kimoja cha haraka cha malaria, na kipimo kimetoka na mistari miwili. Ulitaka afanye nini?

KISUMU: Nilitaka akumbuke anakofanyia kazi. Katika maeneo ambayo malaria haikomi, watu wengi wana vimelea katika damu bila kuugua, kwa hiyo mistari miwili inathibitisha kuwa vimelea vipo, lakini haithibitishi kwamba ndivyo vilivyovimbisha vidole. Mtibu malaria, sawa kabisa, kwa sababu mtoto mwenye selimundu akipata malaria yuko hatarini zaidi, lakini usilifunge daftari.

NAKURU: Nakubali. Tuje sasa kwenye upande wa pili, pale ambapo kipimo kinasema hapana. Nadhani huko ndiko watu wengi wanakovunjikiwa moyo, kwa sababu mtu amejitahidi, amelipa, amepimwa, na karatasi inamwambia kwamba hana kitu.

KISUMU: Hapa naomba tusiende mbio. Kipimo kilicho rahisi zaidi ni kile cha kuichanganya damu na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha kuangalia kwa hadubini kama chembe zinajikunja. Kipimo hicho kina kasoro mbili kubwa. Kwanza, hakimtenganishi mgonjwa na mbebaji wa jeni moja ambaye ni mzima, kwani damu ya wote wawili hujikunja. Pili, kwa mtoto wa miezi michache kinaweza kusema hapana, kwa sababu ya ile himoglobini ya tumboni. Kipimo kinachotoa jibu kamili ni kile kinachozitenganisha aina za himoglobini, kinachoitwa elektroforesisi, au vingine vya namna hiyo. Siku hizi vipo pia vipimo vya haraka vya tone la damu ya kidoleni, ambavyo hutoa jibu baada ya dakika chache na kutofautisha mbebaji na mgonjwa.

NAKURU: Elektroforesisi nayo haiwezi kudanganya?

KISUMU: Haidanganyi, ila inajibu swali unaloiuliza. Mtoto wa huku amepungukiwa damu, imesemekana ni malaria, ameongezewa damu ya mtu mwingine. Baada ya wiki mbili mzazi anapata nauli, anampeleka apimwe. Maabara itakuta himoglobini ya kawaida kwa wingi, na hiyo si ya mtoto, ni ya aliyejitolea damu. Karatasi inaweza kumfanya mgonjwa aonekane kama mbebaji tu. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, ndiyo maana hushauriwa kusubiri angalau miezi 3 baada ya kuongezewa damu, au damu ya kupima ichukuliwe kabla ya kuongezewa. Na fikiria ni mara ngapi mhudumu humwuliza mzazi swali hilo kabla ya kusema kwamba hakuna ugonjwa.

NAKURU: Kwa hiyo mzazi anarudi nyumbani na karatasi yenye muhuri inayompinga. Halafu akirudi tena, anaitwa msumbufu.

KISUMU: Na anapewa sifa hiyo mbele ya mama mkwe.

NAKURU: Tuseme basi ugonjwa umekwisha kutambuliwa. Nilidhani vita vinaishia hapo, lakini wanaotuandikia wakiwa watu wazima wanasema kwamba kwao ndipo vinapoanza.

KISUMU: Kwa sababu mtoto anayelia anaaminiwa, angalau kidogo. Mwanamume wa miaka 25 akiingia akitembea mwenyewe na kusema kwamba maumivu yake ni 9 kati ya 10, anatazamwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Presha yake ni ya kawaida, joto ni la kawaida, picha ya eksirei haionyeshi kitu. Dhoruba ya maumivu haina kipimo cha maabara kinachoithibitisha wala kinachoikanusha, na wataalamu wa damu wanakubali kwamba neno la mgonjwa ndicho kipimo chenyewe. Mdogo wangu akizidiwa hucheza mchezo kwenye simu, huku taya zimekaza na mguu mmoja unatikisika bila kukoma. Muuguzi huiona simu. Mguu hauoni.

NAKURU: Akiomba dawa kali kwa jina lake, basi amekwisha.

KISUMU: Amekwisha! Ukisema mofini au pethidini, wewe ni mraibu. Ukisema hujui jina la dawa, unachomwa diklofenaki na kuambiwa usubiri. Mgonjwa anayeujua ugonjwa wake anaadhibiwa kwa kuujua.

NAKURU: Hapo tena nitakupinga kidogo. Mofini huwekwa chini ya kufuli na kila dozi huandikwa, na mhudumu mdogo wa zamu ya usiku anajua kwamba hesabu isipotimia ataulizwa yeye. Uraibu pia upo, si hadithi. Hofu yake ina msingi.

KISUMU: Hofu ina msingi, sikatai, lakini anayeibeba ni mgonjwa. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2012 inasema mgonjwa apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu afike, na ile ya chama cha wataalamu wa damu cha Marekani ya mwaka 2020 inasema ndani ya saa 1, kisha apimwe upya kila baada ya dakika 30 hadi 60. Hakuna mahali paliposemwa kwamba kwanza umchunguze kama ni mwongo. Na ukimcheleweshea dawa, atalazimika kuonyesha maumivu yake kwa sauti, kisha utasema anaigiza.

NAKURU: Basi tuwaambie wasikilizaji la kufanya, kwa sababu huruma peke yake haimpunguzii mtu maumivu.

KISUMU: Lililotusaidia sisi ni barua. Kliniki anayohudhuria mdogo wangu ilimwandikia ukurasa mmoja wenye muhuri: ana selimundu, matokeo ya elektroforesisi ni haya, kiwango chake cha kawaida cha damu ni hiki, anapozidiwa hupewa dawa hii kwa kipimo hiki. Anaibeba kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho. Kiwango cha kawaida cha damu ni muhimu, kwa sababu wagonjwa wengi huishi na damu kidogo kila siku, na mhudumu asiyejua anaweza kukimbilia kumwongezea damu huku maumivu yakiachwa.

NAKURU: Mimi ningeongeza namna ya kueleza. Ukisema mwili wote unauma, umeshasema malaria bila kukusudia. Sema ni mfupa wa paja la kushoto, maumivu yalianza saa nane usiku, hayajawahi kuhama. Na ukinyimwa kipimo unachokiomba, mwombe mhudumu kwa heshima aandike kwenye daftari kwamba uliomba na sababu ya kukataa. Mara nyingi kalamu inapogusa karatasi, uamuzi hubadilika.

KISUMU: Na uende na mtu. Inaniuma kulisema, lakini mama yangu alianza kusikilizwa siku alipofuatana na mjomba aliyevaa koti la suti, ambaye hakuongeza neno lolote jipya.

NAKURU: Tuna ujumbe mmoja wa kumalizia, kutoka kwa mama aliye upande wa Ahero. Mtoto wake ana mwaka mmoja na nusu, macho huwa ya manjano, aliongezewa damu mwezi uliopita, na kipimo cha juzi kinasema ni mbebaji tu. Baba wa mtoto anasema ukoo wao hauna ugonjwa huo, na hataki kusikia habari ya kupimwa.

KISUMU: Mama, kipimo hicho kimefanywa mapema mno, kwa hiyo panga kukirudia baada ya miezi 3 tangu siku ya kuongezewa damu, na hiyo tarehe ya kuongezewa iandikwe kwenye fomu ya maabara. Wakati unasubiri, wewe na baba mnaweza kupimwa, kwa sababu damu yenu haijachanganywa na ya mtu.

NAKURU: Na kuhusu ukoo, mwambie kwamba mbebaji haugui, kwa hiyo jeni inaweza kupita vizazi na vizazi bila mtu kujua. Kama akiwa mgumu, pima wewe kwanza.

KISUMU: Ila kuna mambo ambayo hayangoji miezi 3. Mtoto akipata homa, au ukiona tumbo la upande wa kushoto chini ya mbavu limevimba ghafla na viganja vimekuwa vyeupe, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Huenda wengu unakusanya damu, na hilo huua kwa saa chache. Ukifika mlangoni usianze na historia yote. Sema kwanza kwamba mtoto anachunguzwa selimundu na kwamba tumbo limevimba tangu asubuhi, kisha uwaonyeshe mahali penyewe kwa kidole.