Profesa aliyesubiri maji yatulie: Osborne Reynolds wa Manchester

Haya ndugu zangu mlioko nyumbani, karibuni tena. Leo, tukiwa huku Manchester, tumzungumzie Osborne Reynolds. Mwanafunzi yeyote wa uhandisi mitambo anaijua namba yake, mwenyewe wachache wanamjua.

Alizaliwa Belfast mwaka 1842. Alianzia karakana, akijifunza kazi mikononi mwa fundi wa mitambo, ndipo akaenda Cambridge kusoma hisabati, akamaliza 1867. Mwaka 1868, akiwa na miaka 25 tu, akapewa uprofesa wa uhandisi Owens College, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Manchester. Hakuhama hapo hadi alipostaafu 1905. Mimi naona ule mpangilio wa karakana kwanza, hesabu baadaye, ndio uliomtengeneza.

Sasa njooni kwenye jaribio lake la 1883. Tangi lenye kuta za kioo, urefu futi 6, limejaa maji. Ndani yake amelaza neli ya kioo ambayo mdomo wake umepanuka kama tarumbeta, na mwisho wake kuna koki. Kwenye mdomo anaingiza uzi mwembamba wa rangi. Akifungua koki kidogo, uzi unanyooka mpaka mwisho wa neli bila kutikisika. Akizidi kufungua, inafika mahali uzi unakatika ghafla na rangi inatapakaa neli nzima. Macho ya kawaida yaliona wingu tu. Alipolimulika kwa cheche ya umeme, akaona ni vizingia vidogovidogo vinavyojikunja.

Namba yenyewe, inayoonyesha kama mtiririko utatulia au utavurugika, ni hii: kasi ya maji mara kipenyo cha bomba mara densiti (uzito wa maji kwa ujazo wake), gawanya kwa mnato, yaani ule uzito wa kimiminika kutiririka kama wa asali. Vizio vyote vinakatana, inabaki namba tupu, kwa hiyo hesabu ni ileile ukiwa na maji, oili au hewa. Kwenye bomba, chini ya takriban 2,000 mtiririko ni tulivu, na hata ukiuvuruga unarudi kutulia.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Chukua neli angavu ya kipenyo cha ndani sentimita 1, urefu mita moja na nusu. Kwa maji ya nyuzi 20, namba 2,000 inapatikana yakienda sentimita 20 kwa sekunde, yaani karibu lita moja kwa dakika. Kinga kwenye jagi na saa mkononi, usikisie. Maji yakiwa nyuzi 30 mnato unashuka, na mpaka huo unafika mapema, kwenye robo tatu ya lita kwa dakika.

Wengi wanakosea wapi? Wanajaza tangi na kuanza hapohapo. Reynolds aliyaacha maji saa kadhaa, kwa sababu mzunguko uliobaki tangini unaingia nao kwenye neli. Mdomo wa neli ukiwa na ncha kali, fujo inaanzia mlangoni. Rangi ikiwa nzito kuliko maji inazama, na mtu anadhani ameona kitu kumbe ni uzito tu. Koki nayo iwe mwisho wa neli. Ukiiweka mwanzo, yenyewe ndiyo inayochafua mtiririko.

Kwa uangalifu wa namna hiyo, ingawa juu ya 2,000 fujo ndogo inatosha kuuvuruga, Reynolds aliufikisha utulivu hadi namba ya karibu 13,000. Kifaa chake bado kipo hapa chuoni, na waliorudia jaribio miaka ya baadaye walipata namba ya chini kuliko yake, maana magari ya mtaani yanatikisa jengo. Enzi zake zilikuwa za farasi.

Halafu 1886 akaeleza kwa nini oili inaweza kubeba shafti, yaani mhimili unaozunguka, ndani ya beringi, kile kishikio chake. Shafti haikai katikati kabisa. Inaacha nafasi yenye umbo la kabari, na inapozunguka inaiburuta oili kuelekea palipobana. Shinikizo linapanda, chuma kinanyanyuka, hakigusani na chuma. Ndiyo maana beringi za aina hiyo huchakaa zaidi pale injini inapowaka na inapozimika: mzunguko ni mdogo mno, kabari bado haijajaa.